Folda Uliyoifungua Mwaka Jana Bado Iko Wazi

Wiki hii msomaji mmoja ameandika kwa uchungu: nakala za kitambulisho chake zimeonekana mikononi mwa watu asiowajua, naye anauliza kama afunge akaunti yake ya hifadhi ya mtandaoni. Nywila yake haikuibwa. Alikuwa na folda aliyoifungua kwa kiungo ili ndugu waone picha za sherehe, kisha miezi kadhaa baadaye akatia humo humo nyaraka zake.

Wengi huumia hapa. Kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, faili hurithi ruhusa za folda. Ukishachagua "mtu yeyote mwenye kiungo", kila utakachoweka humo kesho kitafunguka kwa kiungo cha jana, wala hutaulizwa tena. Na kiungo kikishatupwa kwenye kundi moja, huwezi kujua kimefika wapi.

Kufunga akaunti hakutarudisha kilichokwisha kupakuliwa. Fungua folda, bonyeza Shiriki, acha watu walioalikwa tu. Lakini angalia: ukija kuifungua tena kwa kiungo, anwani yake ni ile ile, na viungo vyote vya zamani vinafufuka. Ndiyo maana nyaraka nyeti zinataka folda yake, ambayo haijawahi kushirikiwa na mtu.

Kisha kagua programu ulizoziunganisha na akaunti hiyo. Kufuta programu kwenye simu hakukati ruhusa uliyoipa kwenye akaunti. Inaweza kuendelea kusoma faili zako hata kama ikoni yake huioni tena. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, na uondoe kila usiyoitumia. Kwenye simu nako, programu inayohitaji picha moja usiipe albamu nzima: kuanzia iOS 14 (kwenye iPhone) na Android 14 unaweza kuteua picha chache tu.

Tuje kwenye ufunguo. Hifadhi nyingi husimba data kwa njia fiche, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo wake, ila ufunguo huo hubaki kwa mtoa huduma, na yeyote aliyeingia kwenye akaunti yako huona kila kitu. Pasipoti, vyeti na taarifa za benki zipitishe kwanza kwenye programu ya Cryptomator, ambayo husimba faili kabla hazijapanda mtandaoni. WhatsApp vilevile: ujumbe umesimbwa mwisho hadi mwisho, yaani wewe na unayeandikiana naye tu ndio mnaousoma, lakini nakala rudufu ya soga inayokwenda Google au iCloud (hifadhi ya Apple) ina swichi yake ya usimbaji, lazima uiwashe mwenyewe. Unaweza kuchagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukivipoteza pamoja na simu, hata WhatsApp haiwezi kukurudishia soga, kwa hiyo hifadhi ufunguo kabla hujawasha.

Mwisho, uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo unaoombwa baada ya nywila. Tafadhali, usitegemee SMS: mwizi akiisajili laini yako kwenye kadi nyingine ya simu, misimbo yote inamfikia yeye. Tumia programu ya kuzalisha misimbo, kisha chukua misimbo ya akiba ya kuingilia ukipoteza simu. Google hutoa 10, kila mmoja hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi. Usiipige picha, kwa sababu picha hiyo huenda ikapanda yenyewe kwenye akaunti ile ile unayoilinda.