Orioles wa Baltimore: wapigaji wapo, sasa tafuteni warushaji

Ndugu uliyeuliza, umeandika kwamba ulianza kuifuatilia Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani, mwaka 2023 iliposhinda michezo 101, na kwamba baada ya kuiona ikimaliza mkiani mwa kanda yake mwaka 2025 unajiuliza kama kazi yote ya kuijenga upya timu hii imekwisha kabla ya kuzaa matunda. Ninaishi Maryland, jimbo iliko Baltimore, na nilikuwa naenda Camden Yards, uwanja wa timu hii, hata katika miaka ile ambayo mtu aliweza kukaa kiti chochote apendacho kwa sababu uwanja ulikuwa mtupu, kwa hiyo uniruhusu nikujibu kwa kirefu. Kwa maoni yangu kazi hiyo haijafa, ila imebakiwa na misimu miwili tu ya uhakika, huu wa 2026 na ule wa 2027, na hatima yake haiko kwa wapigaji ambao kila mtu anawazungumza, bali iko kwa warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji wa timu pinzani mpira na kumzuia asipige vizuri, ambao uongozi umekuwa ukiwatafuta kwa mkono wa birika tangu siku ya kwanza.

Kwa wenzetu waliokulia katika kandanda, ni vizuri kueleza kwanza kwamba katika besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja. Timu inayoshika mkia hubaki ligi kuu, na kwa utaratibu wa uteuzi wa vijana wa kila mwaka hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Mike Elias alipokabidhiwa usimamizi wa timu na usajili wake mwishoni mwa 2018, ilikuwa imetoka kupoteza michezo 115 katika msimu mmoja. Aliamua kuvumilia hasara, akapoteza michezo 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021, na katika kipindi hicho akakusanya vijana: Adley Rutschman na Gunnar Henderson katika uteuzi wa 2019, Colton Cowser 2021, Jackson Holliday 2022. Mashabiki tulivumilia kwa sababu tuliahidiwa kwamba mateso hayo yana mwisho. Mwaka 2023 ulipofika tukachukua ubingwa wa kanda ya mashariki ya Ligi ya Amerika, kisha katika hatua ya mtoano Texas Rangers wakatutoa kwa michezo mitatu mfululizo. Mwaka uliofuata tulishinda michezo 91, tukatolewa tena na Kansas City Royals kwa matokeo ya 1–0 na 2–1. Halafu ikaja 2025, ushindi 75 na vipigo 87, na kocha Brandon Hyde, aliyekuwa kocha bora wa mwaka 2023, akafukuzwa mwezi Mei tukiwa na ushindi 15 tu katika michezo 43.

Watu wengi wakiutazama msimu huo huwalaumu wapigaji, na wana sababu zao. Henderson, aliyevusha mpira ukuta mara 37 mwaka 2024, alifanya hivyo mara 17 tu. Rutschman aliumia misuli ya ubavu, akarudi, akaumia tena, na wastani wake wa kupiga ukaishia .220, yaani mapigo halali 22 kwa kila majaribio 100. Cowser alivunjika kidole gumba msimu ukiwa ndio kwanza umeanza. Hata hivyo sioni hapo ishara ya kipaji kilichokwisha. Naona vijana wa miaka 24 hadi 27 waliocheza wakiwa wagonjwa, na historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba wapigaji wa umri huo wakipona hurudi. Henderson ndiye ninayemwamini kuliko wote, kwa sababu hata katika mwaka wake mbaya wastani wake ulikuwa .274 na alikuwa bado anakimbia besi kwa akili na kwa kasi ambayo wachezaji wengi wa ligi hii hawana.

Shida yetu ya kweli ni warushaji, na haikuanza 2025. Mwaka 2024 Elias alimchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee, naye akatupatia msimu mzuri mno, pamoja na ule mchezo dhidi ya Kansas City alioruhusu mkimbio (pointi) mmoja tu na bado tukapoteza. Mkataba wake ulipokwisha alikwenda Arizona kwa dola milioni 210 kwa miaka sita. Sikutarajia lazima abaki, kwa maana mchezaji ana haki ya kuchagua mji wa kuishi. Nililosikitika nalo ni namna pengo lake lilivyozibwa. Waliletwa Charlie Morton mwenye umri wa miaka 41 na Tomoyuki Sugano wa Japani mwenye umri wa miaka 35, kila mmoja kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ni watu wazima wanaoheshimika na wenye rekodi nzuri, lakini timu inayotaka ubingwa haiwezi kuwaweka wao mahali pa mrushaji wake mkuu, hasa wakati Kyle Bradish alikuwa bado anauguza kiwiko kilichopasuliwa mwaka 2024 na Grayson Rodriguez hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka mzima. Rahisi inavunja upishi, na mwaka jana tuliiona kwa macho, maana hadi mwezi Mei msimu ulikuwa umeshakwisha.

Tarehe 6 Septemba 2025 nilikuwa uwanjani, ghorofa ya juu upande wa besi ya tatu, siku tuliyoadhimisha miaka 30 tangu Cal Ripken Jr., mchezaji wetu wa zamani, alipovunja rekodi ya Lou Gehrig ya kucheza michezo 2,130 bila kukosa. Mbele yetu alikuwa Yoshinobu Yamamoto, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, na kwa awamu nane na zaidi kati ya tisa za mchezo hatukupata hata pigo moja halali. Nilimtazama kwa makini kuliko nilivyowatazama wachezaji wetu. Alikuwa anarusha mpira unaoshuka ghafla mbele ya goti la mpigaji, kisha unaofuata anaupeleka juu kwa kasi, na wapigaji wetu walikuwa wakigeuka kurudi benchi huku wakitazama mikono yao. Akiwa amebakiza mtu mmoja wa kumtoa, Holliday akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kulia, Yamamoto akatolewa, na baada ya hapo warushaji wenzake wakashindwa kuumaliza mchezo hadi Emmanuel Rivera akatupatia ushindi wa 4–3. Uwanja ulipiga kelele ambazo sikuzisikia tangu 2023. Nami nilishangilia kwa moyo wote, lakini nilipokuwa nashuka ngazi nilimwambia mwenzangu kwamba tumeshinda pale tu alipoondoka mtu wa namna ambayo sisi hatuna. Dodgers walimsajili kwa dola milioni 325 kwa miaka 12, na wiki chache baadaye alikuwa mchezaji bora wa World Series, yaani fainali ya ligi.

Sasa tuje kwenye majira haya ya baridi, ambayo kwa haki ni lazima niseme yamekuwa tofauti na yote yaliyotangulia chini ya Elias. Tumempata kocha mpya, Craig Albernaz. Pete Alonso, mchezaji wa besi ya kwanza aliyeiacha New York Mets akiwa na rekodi ya klabu ya kuvusha mpira ukuta mara 264, amesaini miaka mitano kwa dola milioni 155. Najua kuna wazee wa Baltimore wanaotetemeka wakisikia tarakimu hizo, kwa sababu wanamkumbuka Chris Davis, naye mchezaji wa besi ya kwanza, aliyepewa dola milioni 161 mwaka 2016 na miaka miwili baadaye akawa anapiga kwa wastani wa .168. Hofu yao naielewa, kwani nilikuwepo. Lakini Alonso hakukosa hata mchezo mmoja kati ya 162 katika kila mmoja wa misimu miwili iliyopita, na timu yenye vijana walioumia kila mwezi inamhitaji mtu anayefika kazini kila siku. Miaka miwili ya mwisho ya mkataba huenda ikawa mizito. Miwili ya kwanza ndiyo tunayoinunua, na miwili hiyo hiyo ndiyo niliyoitaja mwanzo.

Kwa upande wa kufunga mchezo, yaani mrushaji wa awamu ya mwisho, kumleta Ryan Helsley kwa miaka miwili ni jambo la lazima baada ya Félix Bautista kufanyiwa upasuaji wa bega mwezi Agosti. Sina la kuongeza hapo.

Usajili ninaotaka tuutazame kwa karibu ni wa Shane Baz, kwa sababu ndio unaoonyesha jinsi uongozi unavyofikiri. Tumewapa Tampa Bay chipukizi wanne na haki moja ya uteuzi ili kumpata mrushaji ambaye mwaka jana aliruhusu karibu mikimbio mitano kwa kila awamu tisa. Ukiitazama tarakimu hiyo peke yake utasema tumeibiwa. Lakini kumbuka kwamba kimbunga Milton kiliharibu uwanja wa Tampa Bay, wakalazimika kucheza msimu mzima katika uwanja mdogo wa mazoezi wa Yankees jijini Tampa, ambao ukuta wake wa kulia uko karibu na joto lake hurusha mpira mbali, na ni huko nyumbani ndiko Baz alikoteseka, ilhali ugenini alikuwa mrushaji mzuri. Ana mkono wenye nguvu, yupo nasi kwa misimu mitatu, na alirusha awamu zaidi ya 160 bila kuumia. Mimi naukubali usajili huu, ingawa bei ni kubwa. Nisichokikubali ni kumtoa Grayson Rodriguez kwa Angels ili kumpata Taylor Ward. Ward alivusha mpira ukuta mara 36, ni kweli, lakini mkataba wake unakwisha baada ya msimu huu mmoja, na sisi tulikuwa na wapigaji. Rodriguez alikuwa na miaka minne mbele yake. Kama kiwiko na bega lake vitapona huko California, uamuzi huo utatuuma kwa muda mrefu.

Kwa hiyo orodha ya warushaji wanaoanza mchezo ni Bradish, Trevor Rogers, Baz, Zach Eflin aliyerudi kwa mwaka mmoja, na mmoja wa vijana. Rogers anastahili heshima yake hapa. Tulimbeza sana alipokuja kutoka Miami mwaka 2024, hasa pale Kyle Stowers tuliyemtoa alipochaguliwa katika timu ya nyota, lakini mwaka jana katika michezo 18 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.81 tu kwa kila awamu tisa. Bradish naye, kabla ya kuumia, alikuwa na wastani wa 2.83 mwaka 2023. Wote wawili wakiwa wazima tunaweza kumkabili yeyote. Lakini Bradish, Baz na Eflin wote wameshapita kwa madaktari wa upasuaji, na mkataba wa Rogers unaishia mwaka huu. Timu inayoweka matumaini yake yote kwa watu hao bila akiba nyuma yao inabahatisha.

Akiba hiyo inaweza kupatikana ndani ya kikosi chenyewe, kwa sababu tumejazana upande wa besi ya kwanza. Alonso yupo, Ryan Mountcastle yupo, Coby Mayo yupo, na Samuel Basallo, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyesaini miaka minane kwa dola milioni 67 mwezi Agosti, ni mdakaji kama Rutschman, hivyo hawezi kudaka kila siku. Nafasi ya mpigaji asiyelinda, yaani anayepiga tu bila kukaa uwanjani, ni moja tu. Nadhani Basallo apewe hiyo, na siku mbili kwa wiki adake badala ya Rutschman ili mwili wa Rutschman upumzike. Mayo ndiye ambaye ningemtoa sasa, kabla thamani yake haijashuka kwa kukaa benchi, na ningemtoa kwa mrushaji na si kwa kitu kingine chochote. Ni kijana mwenye nguvu ninayemtakia mema, na kwetu hana pa kuchezea.

Nirudi kwenye ile misimu miwili. Rutschman atakuwa huru baada ya 2027 na Henderson baada ya 2028. Wakala wa Henderson ni Scott Boras, ambaye mara nyingi huwashauri wateja wake wasubiri soko, kwa hiyo sitegemei asaini mapema kama Basallo. Isitoshe, mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na wamiliki wakiamua kufunga milango ili wachezaji wasifanye kazi, hata msimu wa 2027 unaweza kukatwa. David Rubenstein aliinunua klabu hii mwaka 2024 kwa thamani ya dola bilioni 1.725, na majira haya ameonyesha kwamba yuko tayari kutoa fedha. Basi azitoe zilizobaki sasa, wakati Henderson na Rutschman wangali pamoja.

Ninapoandika haya, Januari 2026, mrushaji Framber Valdez bado hajapata timu. Alisajiliwa na Houston enzi ambazo Elias alikuwa anafanya kazi huko, anarusha awamu nyingi kila mwaka, na mipira yake mingi hupigwa ikaviringika chini, ambako Henderson ataidaka. Kambi yetu ya mazoezi ya Sarasota inafunguliwa mwezi ujao. Akisajiliwa nasi, mimi nakupa ushindi 92 na kazi ngumu kwa wapinzani wetu wa kanda, Toronto na New York. Asipokuwepo, na Mayo akawa bado amekaa benchi, nakupa 85, na kila Bradish atakapokishika kiwiko chake sote tutasimama.