Nilipopiga Marufuku Siasa Katika Kundi la Kusoma Habari za Amani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Eldoret aliniandikia akiomba nimwelekeze namna ya kuanzisha kundi la WhatsApp la kusoma vitabu vya wapigania amani, kwa kuwa alisikia kwamba langu lilifika wanachama 61. Ni kweli lilifika 61, na sitajifanya kwamba idadi hiyo hainipi fahari. Hakuambiwa, hata hivyo, kwamba katika usiku mmoja wa Agosti 2022 walitoka 14, na kwamba chanzo kilikuwa mimi.

Tulianza na kumbukumbu za Leymah Gbowee wa Liberia, zilizochapishwa 2011, mwaka uleule alioshiriki Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa kuwa wengi hawakuwa na nakala, kila Jumapili saa mbili usiku niliwasimulia sehemu kwa ujumbe wa sauti, kisha tukajadiliana. Iliyowagusa zaidi ilikuwa habari ya Accra, Ghana, Julai 2003: mazungumzo ya kumaliza vita vya Liberia yamekwama, wajumbe wanastarehe hotelini huku Monrovia ikipigwa makombora, na wanawake waliovaa fulana nyeupe, Wakristo kwa Waislamu, wanaketi mlangoni pa ukumbi wakiwa wameshikana mikono ili mjumbe yeyote asitoke. Walinzi walipokuja kumkamata, Gbowee alianza kuvua nguo, jambo ambalo kwa desturi za huko ni laana kwa mwanamume anayelishuhudia. Mpatanishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, ilimbidi azungumze nao, na mkataba ukatiwa saini tarehe 18 Agosti.

Mama mmoja wa Molo akasema kwamba hata sisi tulikuwa na wetu, wale kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliovua nguo mbele ya polisi Uhuru Park mwaka 1992. Nilimjibu kwa upole kwamba siasa hatugusi. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe juu kabisa ya kundi, kwa sababu naishi Nakuru, na ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008 nazikumbuka kwa harufu ya moshi kabla sijazikumbuka kwa sura za watu.

Jumapili tarehe 14 Agosti 2022, siku tano baada ya kupiga kura na matokeo ya urais bado hayajatangazwa, mama yuleyule alituma ujumbe mrefu. Niliona jina la mgombea, nikaona «2008», nikaufuta. Mtu akauliza kilichofutwa ni kipi, mwingine akajibu kwa kejeli, na kufikia saa tano usiku watu walikuwa wanatoka mmoja baada ya mwingine. Wapo waliosambaza kwamba natumiwa na upande fulani, na hilo, nakiri, halijanitoka moyoni.

Wiki mbili baadaye nilimpigia simu mama wa Molo. Aliniuliza swali moja tu: «Mwalimu, uliusoma mpaka mwisho?» Sikuwa nimeusoma. Alikuwa ameandika juu ya jirani wa kabila jingine aliyewaficha watoto wawili wa mama huyu nyuma ya magunia ya viazi mwaka 2008, jirani ambaye safari hii alimpigia kura mgombea yule, na alikuwa akiomba kila mwanachama ampigie simu jirani yake usiku ule.

Kwa hiyo, dada yangu, usipige marufuku siasa. Ipe zamu yake, kila mtu aseme aliyoyaona mwenyewe na si aliyotumiwa na watu, na usifute ujumbe kabla ya kuusoma wote na kuzungumza na aliyeutuma. Anza pia na habari za karibu, kama za Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambao miaka ya mwanzo ya 1990, koo zikipigana, walihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua sokoni bila kubughudhiwa. Nasema hivi kwa kuwa vita vya mbali havimdai msomaji chochote; tulimlilia Gbowee wiki nzima na hakuna aliyemuuliza mama wa Molo kilichompata. Sisi tunaojiita wapenda amani mara nyingi tunapenda kimya tu, na kimya hicho hulipiwa na yule aliyeumizwa.

Sasa tuko 23. Mama wa Molo ndiye anayeongoza Jumapili za mwezi huu, na nimemwomba akupigie yeye.