Valvu ya vakyumu ya breki: kabla hujalipa ipulize kwanza

Sheikh, umesema pedeli ya Escudo yako asubuhi ngumu kabla hujawasha, fundi kakwambia kanunue valvu ya vakyumu, umefika dukani wamekuwekea tano juu ya kaunta zote nyeusi na hujui ushike ipi. Mie yamenikuta haya na nlishika mbovu, kwa hiyo nistahamilie kidogo.

Yangu ilikuwa Corolla ya zamani ya petroli. Tulivuka nayo Pemba kwenye harusi, siku ya kurudi nateremka ule mlima wa Mkoani kuelekea bandarini gari ikanizimikia (uchafu kwenye petroli, hilo jengine), nagusa breki, mguu kama umekanyaga ukuta. Sasa gari nzima hata injini ikizima ghafla unapata mikanyago miwili mitatu laini, kwa sababu busta (kile chombo cha duara mbele ya pedeli kinachousaidia mguu wako kukanyaga) imeweka akiba ya vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa wa injini, na kinachoizuia ile akiba isirudi kwenye injini ndio hiyo valvu ya njia moja. Yangu ilikuwa haizuii kitu. Nkapanda na miguu yote miwili juu ya pedeli, mkono umevuta hendibreki, shemegi nyuma anasoma kila alichojaaliwa kukihifadhi, tukasimama karibu kabisa na gari ya ng'ombe, na yule ng'ombe wala hakugeuka.

Nliporudi Unguja nkaingia duka moja mjini nkanunua valvu ya shaba, nzito, inang'aa, muuzaji ati hii utawarithisha watoto. Ikafungwa, pedeli ikawa nusu laini nusu ngumu, nkasema labda ndio mpya inajizoesha. Mpaka mzee mmoja fundi kule Mwanakwerekwe akaichomoa akacheka: hii ya mafuta hii. Springi yake ngumu, imetengenezwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, wakati vakyumu ya injini haisukumi, inavuta tu, na mvuto wenyewe hata ukamilike vipi haufiki zaidi ya uzito wa hewa, baa moja. Injini ya petroli nzima ikiwa sailensi, yaani inanguruma tu bila kukanyagiwa mafuta, inavuta kama inchi 18 mpaka 22 za zebaki (ndio kipimo cha vakyumu), na springi ngumu ikila inchi tano hapo busta inabaki na njaa. Kwa hiyo uzito na kung'ara hapa havikusaidii kitu.

Ukiwa dukani fanya hivi. Futa valvu, puliza kwa mdomo upande wa busta, hewa ipite bila kufura mashavu. Igeuze, puliza upande wa injini, isipite hata chembe. Na hapa wengi wanakosea, wanapuliza kwa nguvu zote, ukipuliza kwa nguvu hata iliyochoka inajibana ikafunga, wewe puliza taratibu kama unapoza chai, mbovu itavujisha hapo hapo. Muuzaji akikukataza kupuliza ondoka zako. Mshale ukiwepo huwa unaelekea injini, lakini pumzi yako iamini zaidi kuliko mshale na kuliko rangi, maana rangi kila mtengenezaji ana zake.

Halafu saizi. Chukua ile ya zamani mkononi, au pima kipenyo cha ndani cha mpira (ile paipu inayotoka injini kwenda busta) kwa venia, kile kipimo cha taya, usiseme "ya Escudo" ukaishia hapo. Mpira ukiingia kwa ulegevu ukaubana kwa klipu utavuja tu, sailensi itatetemeka utaanza kubadilisha plagi bure. Gari nyengine valvu imechomekwa kwenye busta yenyewe na kigamu cha mpira, basi kigamu nacho nunua kipya, kipake maji ya sabuni kiingie, sio grisi, grisi inavimbisha mpira. Toyota nyingi hutaiona kabisa, imezama ndani ya mpira wa vakyumu, unaona tu umefura katikati, na hizo mie nanunua mpira mzima na valvu yake, hata mtumba wa Japani sawa ilimradi ndani hamna mafuta ya kunata.

Zile valvu ndogo za tangi la samaki, najua watu wanazitia kwa sababu bei yake kama bure. Pampu ya samaki haina joto wala mvuke wa petroli, plastiki yake kwenye injini inakauka inapasuka, kile kigozi cha ndani kinavimba. Kwenye breki haziingii hata kwa saizi, lakini nimeziona kwenye mipira midogo, mfano Toyota Surf za zamani ambazo four wheel ya mbele inashikwa kwa vakyumu, ikifa huko unakwama mchangani tu. Benzi W123 ya dizeli ndio kichekesho, injini yake inazimwa kwa vakyumu, kwa hiyo ikivuja unazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma.

Sasa kabla hujatoa hela. Pedeli ngumu baada ya kulala usiku mzima peke yake haitoshi kuihukumu valvu. Washa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, kanyaga. Mkanyago wa kwanza ukiwa mgumu, valvu au mpira au busta mmojawapo anavujisha. Washa tena, ubane mpira wa busta kwa plaizi iliyofungwa kitambaa, sailensi ikitulia basi uvujaji uko upande wa busta, na ukisikia mlio wa nyoka miguuni usiokatika wakati umeshikilia pedeli chini, hiyo busta huenda imepasuka ndani, na kama ndivyo valvu hata ya dhahabu haitakusaidia. Kama gari ni dizeli, Hiace hizi za injini ya 3L na 5L, angalia na pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta.

Na klipu chukua za stenlesi, hizi za bati kwa upepo wetu wa bahari mwaka hazimalizi.