Kwa madogo mnaoanza kupima vifaa vya kunyolea: msiwe na haraka ya kuvunja

Kuna madogo wawili wameletwa maabara wiki hii kwa ajili ya field, na swali lao la kwanza ni lile lile nililouliza mimi siku naanza, "bro, tunavunja lini?" Nikacheka. Watu wanadhani hii kazi ni kuweka mpini wa wembe kwenye mashine, unabanwa mpaka unalia kaa, unaandika namba unaenda kunywa chai.

Kwanza tofautisheni nguvu na kunyumbulika, sio kitu kimoja. Mpini wa plastiki ya polistairini unakataa kupinda kabisa, ukiushika unasema huu ndo wenyewe, alafu ukidondoka kwenye marumaru ya bafuni unapasuka vipande. Wa plastiki ya polipropilini unalegea mkononi, mtu akinyoa kidevu anaona unacheza cheza, ila huo hata uupinde mara mia hauachii, ndo maana vifuniko vya chupa vyenye bawaba nyembamba ya plastiki hiyo hiyo vinafunguliwa na kufungwa kila siku na havikatiki. ABS, plastiki nyingine ya mipini, iko katikati, na ina tabia moja naipenda, ukiizidishia inaweka weupe pale kwenye mkunjo kabla haijavunjika, yani inakuonya. Sasa bosi akikuuliza ipi imara, muulize imara kwa kufanya nini.

Pili venia, kile kifaa cha kupimia unene. Hapa ndo niliumbuka. Kipimo cha kupinda cha ISO 178, kiwango cha kimataifa cha plastiki, kinatumia kipande cha urefu wa milimita 80, upana 10, unene 4, unakiegesha juu ya vigingi viwili vilivyoachana milimita 64 na mashine inakisukuma katikati taratibu, milimita 2 kwa dakika. Mi nikapima unene nikapata 3.8, nikaingiza, modulasi, yani namba ya ukakamavu wa plastiki, ikatoka juu kuliko za wiki zote zilizopita, nikafurahi nikapeleka ripoti mbio mbio kwamba plastiki mpya ni kakamavu kuliko ya zamani. Mzee wetu wa maabara hakunigombeza, aliniambia tu, "Hebu funga hiyo venia mpaka mwisho, inasoma ngapi?" Ilikuwa inasoma hasi 0.2. Kwenye fomula ya modulasi unagawanya kwa unene uliozidishwa mara tatu, yani unene kwa unene kwa unene, unene ukisomeka mdogo jibu linapanda, kwahiyo kukosea asilimia 5 tu kumenipandishia jibu karibu asilimia 17, na plastiki ilikuwa ile ile ya siku zote!! Tangu siku hiyo nafunga venia kwanza, nahakikisha sifuri, alafu napima sehemu tatu za kipande sio moja.

Tatu, kipande cha kawaida kikifaulu msishangilie, kinakuambia habari za plastiki, hakikuambii habari za mpini. Mpini wenyewe mara nyingi unakatikia shingoni karibu na kichwa, na ukiangalia vizuri unakuta moja kati ya mambo mawili, ama fundi wa moldi, lile umbo la chuma plastiki inapomiminwa, ameacha kona kali badala ya kuizungusha kidogo, ama kuna mshono, pale mikondo miwili ya plastiki ya moto ilipokutana ndani ya moldi ikiwa imeshaanza kupoa na haikushikana sawasawa. Kwahiyo pimeni na mpini mzima pia, ushikeni pale mteja anaposhika.

Hali ya hewa nayo, sampuli zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 23 na unyevu asilimia 50 kabla ya kupimwa, na sisi huku umeme ukikatika AC inazima chumba kinakuwa oveni. Ikitokea hivyo acha, usipime, plastiki ya moto inalainika na hasa nailoni inakunywa maji ikawa laini zaidi, mtapata namba ambazo kesho hamtazipata tena.

Wembe wenyewe ni habari nyingine kabisa. Ule wa makali pande mbili una unene wa kama milimita 0.1, chuma kilichopikwa kikawa kigumu sana, na kinapinda vizuri kwa sababu tu ni chembamba: ukikikunja kwenye duara la nusu kipenyo milimita 10, uso wake unavutika asilimia 0.5 tu kisha kinarudi. Kingekuwa na unene wa milimita 1 kwa mkunjo huo huo ingekuwa asilimia 5 na hakirudi. Ila ukipita mpaka wake hakikupi onyo lolote kama ABS, kinakatika pa! na kipande kinaruka, kwahiyo miwani kila siku, hata kama unapima mmoja tu wa haraka haraka, huo mmoja ndo huwa unaruka.

Vichwa vya bei rahisi vya aloi ya zinki angalieni ule msumari wenye nyuzi unaofungia mpini, watu wanakaza kwa hasira unakatika. Huo tunaupima kwa kuuzungusha sio kuuvuta.

Na vikishavunjika, tafadhali, msijaribu kuviunganisha kuona kama vinaingiana, najua mkono unawasha. Nyuso zikisuguana mnafuta alama zote za pale ufa ulipoanzia. Kila nusu bahasha yake, tarehe na namba ya sampuli juu, alafu ndo mje tuangalie kwa lenzi.