Mto ukifungwa kwa ajili ya hafla kubwa, boti iliyo ndani ya eneo ifanyweje?

Swali: Naishi Pittsburgh, Pennsylvania. Nina boti ya futi 19 yenye injini ya nje, naiegesha kwenye marina moja ya mto Allegheny karibu na katikati ya mji. Hapa hafla kubwa haziishi, na kila zikija Walinzi wa Pwani wa Marekani hufunga sehemu ya mto. Tangazo lao limejaa lugha ya kisheria. Sielewi ni saa ngapi hasa nisipite, kama boti inaweza kubaki gatini, na kama naweza kuwapeleka watoto kutazama fataki tukiwa majini. Rafiki yangu mwenye kayaki anasema kanuni hizo ni za boti za injini tu. Ni kweli?

Jibu: Tuanze na rafiki yako, maana ndiye aliye hatarini zaidi. Si kweli. Maneno ya kanuni yanamgusa kila mtu na kila chombo. Kayaki imo, ubao wa kupiga kasia imo, hata anayeogelea yumo. Wapiga kasia huwa wa kwanza kurudishwa na doria, kwa sababu hawana redio, hawakusikia tangazo, na hupenda kupita kandokando chini ya madaraja, mahali ambapo walinzi hawataki kumwona mtu asiyejulikana.

Sasa kanuni yenyewe. "Mto umefungwa" ni lugha ya magazeti. Kisheria kuna namna kadhaa za kuufunga, na kila moja ina makali yake. Sehemu ya 165 ya kanuni za shirikisho, kitabu cha 33, inazo tatu. Ya kwanza ni eneo la usalama, linalowekwa kwa sababu ya hatari ya kawaida kama fataki au kreni inayoning'iniza chuma juu ya maji. Ya pili ni eneo la ulinzi, linalowekwa kwa hofu ya hujuma. Ya tatu ni eneo la masharti, ambapo unaruhusiwa kupita ila kwa mwendo au njia iliyotajwa. Nje ya hizo, sehemu ya 100 inahusu mashindano na maandamano ya boti. Kabla ya kusoma saa, tafuta kwanza ni ipi kati ya hizi.

Tofauti inaonekana vizuri kwenye fataki. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni futi 70 za umbali kwa kila inchi ya kipenyo cha kombora. Kombora la inchi 8 linadai futi 560, yaani kama mita 170 kila upande, na hapo mto wa mjini umekwisha. Lakini eneo hilo hufungwa muda mfupi, na hufunguliwa mafundi wakishakagua kama kuna makombora yaliyogoma kulipuka. Eneo la ulinzi ni habari nyingine. Kifungu cha 165.33 kinakataza kuingia *au kubaki* ndani bila ruhusa ya Kapteni wa Bandari. Huyu si meneja wa gati. Ni ofisa wa Walinzi wa Pwani mwenye mamlaka ya kisheria juu ya maji ya eneo lake. Anaweza kukiondoa chombo, kukishika na kukiendesha yeye mwenyewe. Kifungu hichohicho kinakataza kupanda chombo kilicho ndani ya eneo, au kupakia kitu chochote, bila ruhusa yake. Wenye boti wengi hawajui hili. Boti yako ikiwa imefungwa gatini ndani ya eneo, huruhusiwi hata kwenda kuweka ndoo ya barafu. Na eneo linaweza kuchukua nchi kavu pia, kwa hiyo gati lenyewe laweza kuwa ndani.

Hafla kubwa ya mara moja kwa kawaida hutolewa kanuni yake ya muda. Utaitambua kwa namba yenye herufi T, kwa mfano 165.T08 ikifuatwa na tarakimu nyingine. T ni alama ya kanuni ya muda, 08 ni namba ya wilaya ya Walinzi wa Pwani. Huchapishwa katika gazeti la serikali, Federal Register, na muhtasari wake huingia kwenye tangazo kwa wenye vyombo, Local Notice to Mariners. Mara nyingi gazeti hutoka kwa kuchelewa, wakati mwingine hafla imeshaanza. Usijitetee kwa hilo. Kanuni nyingi hizi husema wazi kwamba kabla ya kuchapishwa zitatekelezwa kwa taarifa ya moja kwa moja. Askari wa doria akikuambia kwa mdomo au kwa redio, umeshajulishwa na unabanwa.

Ukiishika kanuni, nenda kwenye kipengele cha mahali. Mito hii hupimwa kwa maili za nchi kavu, moja ikiwa kilometa 1.609, si maili za baharini. Allegheny na Monongahela huhesabiwa kuanzia 0 pale Point, yaani ncha ya mji ambapo mito hiyo miwili hukutana na kuwa Ohio, kwenda juu. Ohio huanzia 0 palepale kwenda chini. "Maili 0.5" bila jina la mto haina maana, maana hapo mjini kuna tatu. Kingo nazo huitwa kushoto na kulia kwa kutazama maji yanakoelekea. Ukiwa unapanda mto, "ukingo wa kushoto" wa tangazo uko mkono wako wa kulia. Kosa hili humkuta hata mzoefu. Pakitolewa nukta za ramani, angalia zimeandikwaje: nyuzi 40, dakika 26 na sekunde 30 ni sawa na dakika 26.5, si 26.30. Ukichanganya, umekosea kwa mita 370, na hizo zinatosha kukuweka katikati ya eneo ukijiona uko nje. Ramani za mto hutolewa bure na kikosi cha wahandisi wa jeshi, US Army Corps of Engineers.

Kisha muda. Hapa ndipo watu huteleza zaidi, kwa sababu kanuni huwa na tarehe za aina mbili. Kuna kipindi ambacho kanuni *ina nguvu*, na ndani yake kuna saa ambazo *inatekelezwa*. Inaweza kuwa na nguvu siku tano huku mto ukifungwa saa chache tu kila siku. Au isiseme saa kabisa, iseme tu kwamba itatekelezwa wakati wowote ndani ya siku hizo. Ikiwa ya namna ya pili, usipange safari kwa kukisia. Sikiliza redio ya VHF: tangazo hutajwa kwanza chaneli 16, halafu unaambiwa uhamie 22A usikie maelezo. Kapteni wa Bandari anaweza kufungua mapema au kurefusha kwa njia hiyohiyo, na kile cha redio ndicho kipya kuliko karatasi uliyochapa jana. Angalizo dogo kwetu sisi: ukiwatumia jamaa saa za tangazo kwa Kiswahili, andika na saa za Kiingereza pembeni. 12:01 a.m. ya tarehe 24 ni saa sita na dakika moja usiku wa kuamkia 24, na wapo waliokuja mchana.

Kuhusu boti yako, ushauri wangu ni mmoja: ihamishe kabla. Kuomba ruhusa ya kupita kunawezekana, lakini kwa boti ya starehe mara nyingi jibu ni hapana, na hata likiwa ndiyo utasubiri nafasi ya mtu mwingine. Cha kufikiria ni uihamishie wapi. Bwawa la Pittsburgh, yaani kipande hiki cha mito mitatu, limezibwa na maloki matatu (vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandishia na kushushia vyombo): Emsworth maili 6.2 ya Ohio, Braddock maili 11.2 ya Monongahela, na Loki namba 2 maili 6.7 ya Allegheny. Ndani ya hapo unaweza kuzunguka bila kupita loki lolote, ila Point ndiyo njia panda. Eneo likiifunika Point, mito mitatu inakatika vipande. Mwenye boti aliyebaki Allegheny hafiki Monongahela mpaka eneo lifunguliwe, hata kama marina anayoitaka iko dakika kumi. Kwa hiyo chagua upande utakaouhitaji wiki ile, uhamie siku mbili tatu kabla. Kama una trela, yote haya hayakuhusu sana: itoe boti majini, uishushe upande unaofaa.

Usingoje siku yenyewe, kwa sababu kazi ya ulinzi huanza kabla ya wageni. Wapiga mbizi hukagua nguzo za madaraja, magati na matumbo ya vyombo, na wakimaliza hawataki kitu kipya kiingie. Paris walifanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi: sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya tarehe 26 Julai 2024 ilipita kama kilometa 6 za mto Seine, na vyombo vilizuiwa siku kadhaa kabla. Pittsburgh yenyewe iliandaa mkutano wa viongozi wa nchi za G20 tarehe 24 na 25 Septemba 2009 katika jengo la mikutano la David L. Lawrence, ambalo liko ukingoni mwa Allegheny. Jengo likiwa karibu na maji hivyo, mto unakuwa sehemu ya uzio. Ndivyo ilivyo pia kwa uwanja wa North Shore na bustani ya Point, sehemu zilizopangiwa NFL Draft, hafla ya timu za ligi ya futiboli ya Kimarekani kuchagua wachezaji wapya, ya Aprili 23 hadi 25, 2026.

Ukiamua kuiacha gatini, uliza marina kwa maandishi kama gati liko ndani ya mstari. Toa kila unachohitaji kabla ya saa ya kufunga: dawa, hati, mitungi ya petroli ya akiba. Hakikisha pampu ya kutoa maji inafanya kazi na betri imejaa, kwani siku kadhaa zinaweza kupita bila wewe kuigusa. Ongeza kamba mbili za kuzuia boti isipigwe gatini na mawimbi ya doria. Boti zile hukimbia.

Ukilazimika kuomba ruhusa, piga simu namba iliyo ndani ya kanuni au ita chaneli 16 ukiwa bado nje ya eneo, na uwe na haya tayari: jina na namba ya usajili wa boti, urefu, watu wangapi, unatoka wapi kwenda wapi, sababu, na simu. Ukiruhusiwa, pita kwa mwendo mdogo unaotosha kushika usukani, usisimame, usipige kona kwenda kupiga picha. Meli za kusukuma matishari hupangiwa nafasi zao. Tishari moja la kawaida lina futi 195 kwa 35, na msafara unaoshuka na mkondo hausimami kwa kuombwa, hivyo doria huwapa njia wao kwanza. Eneo likifunguliwa, foleni yao huhamia maloki. Chombo cha starehe kinaweza kusubiri misafara mitatu ya biashara kabla ya zamu yake.

Fataki mnaweza kutazama, mkiwa nje ya mstari. Watu hupenda kukaa upande wa juu wa mto. Nyinyi kaeni upande wa chini. Mkondo wa kilometa 5 kwa saa hubeba boti iliyozimika zaidi ya mita 400 kwa dakika tano, na ukiwa juu mkondo huo unakupeleka ndani ya eneo. Ukiwa chini unakutoa. Mbele ya sheria kuingia kwa kuelea bado ni kuingia. Kama nafasi ya chini haipo, tia nanga nje ya njia ya meli, kamba mara saba ya kina: maji ya mita 5, kamba mita 35. Injini ikigoma, nanga kwanza, chaneli 16 pili, kifuniko cha injini baadaye. Wengi huanza na kifuniko.

Hafla ikiwa Aprili, kumbuka sharti la Pennsylvania: kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30, kila aliye kwenye chombo kifupi kuliko futi 16, au kwenye kayaki na mtumbwi wa urefu wowote, lazima *avae* jaketi la kuokolea, si kuliweka chini ya kiti. Boti yako ya futi 19 haimo kwenye sharti hilo, ila maji ya Aprili humlegeza mtu mikono upesi, wavalishe watoto.

Doria ikikuwashia taa, shusha injini mpaka mwendo wake wa chini kabisa, mikono ionekane, usiiname kutafuta karatasi mpaka uambiwe. Walio wengi huishia kugeuzwa tu. Asiyetii ndiye hukumbana na faini ya kiraia, ambayo kwa viwango vya sasa inaweza kuzidi dola 100,000 kwa siku ya kosa, na akifanya kwa kukusudia ni jinai ya kifungo.

Ukiona amri imekuonea, kwa mfano biashara yako imefungiwa nje bila sababu, kifungu cha 160.7 kinakuruhusu kumwomba Kapteni wa Bandari aifikirie upya, kwa mdomo au kwa maandishi, kisha kukata rufaa kwa kamanda wa wilaya. Rufaa haisimamishi amri. Wakati inasikilizwa, boti inabaki ilipo.