Mkumbukeni alivyokuwa: jibu kuhusu binti aliyefariki kwa saratani

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba wa binti wa kaka yako. Umeeleza kwamba alifariki kwa saratani akiwa na miaka 16, kwamba baadhi ya ndugu wameacha kabisa kulitaja jina lake kwa kuhofia kumliza mama yake, na kwamba wale wanaomtaja wanasimulia habari za malaika ambaye wewe humtambui. Unataka kujua mumkumbukeje, hasa kwa kuwa siku yake ya kuzaliwa inakaribia. Nakujibu kama mjomba wa kijana aliyefariki kwa osteosakoma akiwa na miaka 17, nikiamini kwamba kumkumbuka kijana kunahitaji mambo mahususi aliyoyatenda na kuyasema, pamoja na yale yaliyotuudhi.

Osteosakoma ni saratani ya mifupa ambayo huwapata zaidi vijana walio katika kipindi cha kurefuka kwa kasi, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Maumivu ya mpwa wangu yalidhaniwa kuwa ya kuumia michezoni, kama inavyowatokea wengi, hadi yalipoanza kumwamsha usiku na uvimbe ukaonekana juu ya goti. Alipewa tibakemikali, yaani dawa kali za kuua saratani, akafanyiwa upasuaji, kisha akapewa tibakemikali tena. Sitakaa sana hapo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu huisimulia, na ndiyo sehemu ambayo yeye mwenyewe aliipenda kidogo kuliko zote.

Alichokipenda ni ndege. Tangu akiwa mdogo alirekodi sauti zao kwa simu, akaziandikia saa, mahali na hali ya hewa, na alikuwa mkali kwa yeyote aliyekohoa wakati anarekodi. Miongoni mwa dawa alizopewa ilikuwamo sisplatini, ambayo inaweza kuharibu chembe za kusikia zilizomo katika sikio la ndani. Sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza, na kwa kawaida hazirudi. Aliligundua jambo hilo mwenyewe. Programu aliyoitumia huonyesha sauti kama mchoro kwenye kioo cha simu, na siku moja aliuona mchoro wa ndege aliyemfahamu vizuri ukipita mbele yake huku yeye hasikii chochote. Alinyamaza siku nzima. Kesho yake alimwita mdogo wake wa kike, aliyekuwa bado mtoto wa shule ya msingi, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye masikio, na kwamba asithubutu kusema amesikia kitu ambacho hakukisikia. Walitoka pamoja alfajiri, wakagombana kuhusu karibu kila ndege, na katika kila rekodi ya kipindi hicho aliandika jina la mdogo wake kando ya lake. Ukiniuliza maana ya kusema kijana aliishi kikamilifu, nitakuonyesha daftari hilo.

Saratani ilipofika mapafuni, madaktari walimweleza yeye na wazazi wake dawa zilizobaki zingeweza kufanya nini na zisingeweza nini. Alitaka kujua jambo moja: angekuwa wodini kwa muda gani, na angekuwa nje kwa muda gani. Baada ya mazungumzo marefu, ambayo dada yangu aliyapinga kwa machozi kabla ya kuyakubali, walichagua kuacha dawa kali na kutegemea tiba shufaa, yaani tiba inayoshughulikia maumivu, pumzi, usingizi na hofu, kwa mgonjwa na kwa wanaomuuguza. Watu wengi hudhani kwamba tiba hiyo ni ya siku za mwisho tu, au kwamba mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, huharakisha kifo. Mofini ikipimwa vizuri hufanya maumivu yavumilike, na kwa kipimo kidogo hupunguza ile hali ya kukosa pumzi ambayo saratani ya mapafuni huileta. Nalisisitiza hili kwa sababu tunapowasifu vijana hawa kwa ujasiri wao, tunasahau kwamba hata kijana jasiri hawezi kwenda kusikiliza ndege akiwa anapiga kelele za maumivu. Miezi yake mizuri ilitokana na moyo wake, na ilitokana pia na wauguzi waliojibu simu usiku.

Kuna jamaa waliokuwa wakimtajia vijana mashuhuri. Walimsimulia Terry Fox wa Kanada, aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa sababu ya osteosakoma, na ambaye mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 ndani ya siku 143 ili kuchangisha fedha za utafiti, hadi saratani iliyofika mapafuni ilipomsimamisha. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Walimsimulia pia Stephen Sutton wa Uingereza, aliyefariki Mei 2014 akiwa na miaka 19, ambaye aliandika orodha ya mambo 46 aliyotaka kuyafanya na kuchangisha mamilioni ya pauni kwa ajili ya vijana wenye saratani. Mpwa wangu aliwaheshimu wote wawili kwa dhati. Hata hivyo aliniambia, "Mjomba, mimi nina ndege wangu, naomba wanitoshe." Naona alisema kweli, na ningependa ukoo wenu uisikie: binti yenu hahitaji kuwa ameacha jambo kubwa ili astahili kukumbukwa.

Kwa hiyo zungumzeni na mama yake kwanza, awe peke yake, mkamuulize anataka kusikia nini na hataki kusikia nini, badala ya kumwamulia kwamba ukimya unamfaa. Dada yangu alilia kila mara tulipomtaja mwanawe. Hakuwahi kutuomba tunyamaze. Zaidi ya yote alipenda kusimuliwa makosa: mlango uliobamizwa, kazi za shule alizodai amezimaliza, maneno makali aliyomwambia daktari mmoja siku aliyochoka. Alisema sifa zilimfanya mwanawe awe wa watu wote, na makosa hayo yalimrudishia aliyemlea. Watafuteni pia marafiki wa binti huyo, kwa maana kijana wa umri huo ana nusu ya maisha ambayo nyumbani haijulikani, na kuna vichekesho na siri ndogo ambazo wao tu ndio wanazo. Nakilini mapema sauti, picha na jumbe zake katika sehemu zaidi ya moja, kwa sababu simu huharibika na akaunti hufungwa.

Kama ana wadogo zake, msidhani kwamba wamekwisha kuelewa kwa kuwa walielezwa wakati ule. Mtoto hulielewa upya jambo hilo kila anapokua, na huuliza upya. Yule mdogo wa mpwa wangu alipokaribia miaka 17 alirudi na maswali magumu kuliko yote: kama maumivu yake mwenyewe ya goti yalikuwa ya kawaida, na kama ilikuwa haki yeye kumpita kaka yake kwa umri. Tulimpeleka akapimwe, tukakuta ni mzima, na swali la pili tuliliacha wazi tukalizungumza naye kila alipolirudia.

Kuhusu siku ya kuzaliwa, muulizeni mama yake wiki chache kabla, mkubaliane jambo moja dogo ambalo binti mwenyewe alilipenda, na mwacheni huru kubadili mawazo hata asubuhi ya siku hiyo. Asiyetaka kuhudhuria asilazimishwe, wala asihesabiwe kuwa alimpenda pungufu. Ukipenda, andika hapa kitu kimoja alichokifanya ambacho ndugu zako hawakisimulii. Ningefurahi sana kumfahamu.