Hesabu tarakimu, kisha nyanyua kiti cha nyuma

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Morogoro, nataka kununua Volkswagen Beetle. Kadi ya gari inasema 1967. Namba ya chasisi ina tarakimu tisa na inaanza na 118 2. Nikiiingiza kwenye tovuti za kukagua magari inakataliwa, wanataka tarakimu 17. Kuna mtu mtandaoni nilimlipa anisomee, akaniambia gari ni la 1978 na kadi imeghushiwa. Mimi naona kibati cha mbele kinang'aa na namba yake inalingana na kadi. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Kadi haijakudanganya kwenye mwaka. Aliyekula pesa yako hakuhesabu tarakimu.

Tarakimu 17 zilianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, kwa hiyo tovuti ikikataa namba ya miaka ya sitini haijagundua wizi, imeshindwa kusoma tu. Volkswagen, kuanzia Agosti 1964, walitumia tarakimu mbili za kwanza kutaja aina ya gari (11 ni Beetle ya paa la bati), ya tatu mwaka wa modeli (8 ni 1968), na zinazofuata ni za mfululizo. Yako ni modeli ya 1968. Mwaka wa modeli kwao ulianza Agosti baada ya likizo ya kiwanda, si Januari, na namba yako iko mapema kwenye mfululizo, maana yake gari lilitoka kiwandani miezi ya mwisho ya 1967. Kuanzia modeli ya 1970 waliongeza tarakimu ya nne, 2, ili miongo isichanganyike. Hiyo 118 2 yenye tarakimu kumi ndiyo ya 1978.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho kibati kinachong'aa. Kila wiki naletewa gari na mwenyewe ananionyesha kibati kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Kibati kimeshikwa na ribiti mbili tatu. Mtu mwenye drili anakibandua na kubandika kingine kabla chai haijapoa. Vibati vitupu vinauzwa, unagonga namba unayotaka. Kulingana na kadi si ushahidi, kwa sababu anayekitengeneza anaiangalia hiyohiyo kadi.

Namba ya kweli ya Beetle imegongwa kwenye chasisi yenyewe, juu ya ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Nyanyua kiti. Safisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, usiguse grainda wala msasa. Weka karatasi nyembamba juu yake, paka penseli taratibu, namba itajichora. Angalia kama tarakimu zimekaa mstari mmoja na zimezama sawa. Nilishaletewa moja ambayo 8 ilikuwa imezama zaidi ya wenzake na bati lililoizunguka lilikuwa limelika kwa msasa. Mnunuzi alikuwa ameshalipa.

Mahali hapo pana balaa lake. Betri ya Beetle inakaa palepale chini ya kiti, upande wa kulia, na maji yake yakivuja yanakula sakafu. Fundi mwaminifu hukata bati la sakafu upande huo na kuchomelea jipya bila kugusa mgongo wa katikati. Asiyejali hukata mpaka kwenye namba, kisha "anairudisha" kwa nyundo. Hata kama hakuiba chochote, amefuta utambulisho wa gari, na siku ya ukaguzi utakayeulizwa ni wewe.

Namba ya injini usiitegemee. Imegongwa chini ya dainamo, na herufi ya mbele inakuambia ukubwa: D ni cc 1200, F ni 1300, H ni 1500. Lakini injini ya Beetle inashikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, na gari la umri huu huenda limeshabadilishiwa mara kadhaa. Bodi nayo imefungwa kwa bolti, inaweza kuwa imetoka gari jingine kabisa. Na muuzaji akikuambia namba inathibitisha gari lilikimbia Safari Rally, mkatalie. Volkswagen walishinda 1953, 1954, 1957 na 1962, ila hakuna tarakimu ya kiwandani inayosema gari lilishindana wapi.

Ndiyo maana nawasihi wote mnaotafuta magari ya zamani: msilipie tafsiri ya namba aliyotumiwa mtu kwa WhatsApp. Anayesoma namba bila kuona chuma ilipogongwa anasoma maandishi ya muuzaji. Ukitaka historia ya kiwandani, makumbusho ya magari ya Volkswagen yaliyoko Wolfsburg, Ujerumani, hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kuundwa na rangi ya awali.

Muuzaji akikataa kiti kisinyanyuliwe, ondoka. Akikubali, piga picha ukiwa umelaza tochi pembeni ili vivuli vionyeshe kina cha kila tarakimu, unitumie kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.